Moto Hauvuki Bonde

Kwanza mnijue vizuri. Mimi ni Fabiani, yule wa nyumba ya bati la bluu ukitoka Sumbawanga kuelekea Kaengesa, mwenye mashine ya kusaga na miguu miwili isiyolingana. Darasa la nne niliondoka mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni. Nyumba ile sikurithi, na mashine sikupewa na mjomba. Vyote nimevichimba kwa jembe la mkono. Kwa upande wetu huu wa Ufipa sijui bonde ambalo mtaro wake haukupita mikononi mwangu, ama kuufungua ama kuufunga. Mkandarasi mmoja alinifuata mpaka kanisani, nipo kwenye foleni ya komunyo, ananong'ona kuniuliza maji ya mahali fulani yataelekea wapi yakizibwa. Nikamwambia asubiri, naongea na mkubwa wake kwanza.

Sasa ninyi vijana mliochaguliwa kulinda bonde baada yangu mmeniomba niwaandikie jinsi kazi inavyofanyika. Yule msemaji wenu akaongeza, "Mzee Fabi, tuandikie mbinu tu, zile stori za kutisha zipotezee."

Sizipotezei ng'o. Mbinu bila hofu zitawachukua mwezi mmoja, halafu mtaanza uvivu. Mimi simwogopi mtu. Nimeshawahi kumfukuza fisi kwa koleo, mashahidi wapo hai. Lakini lile bonde letu, ambalo mtoto akirusha jiwe kwa nguvu linakaribia kufika ng'ambo, naliogopa mpaka leo ninapoandika. Nikilipita natoa kofia kama napita makaburini.

Tuanze na nondo, kwa sababu nitawakabidhi. Ni kipande cha nondo ya kawaida ya ujenzi, kinanifika kifuani, ncha nimeichonga, juu nimefunga kitambaa cha kushikia. Kiangazi kikikolea, unapita bondeni asubuhi kabla jua halijapata nguvu. Unaidunga ardhini mpaka ikatae kushuka. Unaiacha hapo, unasali Baba Yetu polepole, na wale Waislamu wenzetu wataona wenyewe watasoma nini. Kisha unaivuta na kuisogeza ncha karibu na shavu, usiiguse kwanza. Ikitoka baridi na matope, mshukuru Mungu uende nyumbani ukanywe uji. Ikitoka kavu, anza kuuliza maswali. Ikitoka ya moto, usiulize kitu. Rudi kwa nyayo zilezile ulizokujia.

Hilo la nyayo zilezile likariri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Teresifori, mchimba mitaro wa zamani, mtu mfupi mwenye mikono kama makafi. Alinichukua nikiwa sijui hata jembe linashikwaje. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba maji hayasukumwi, yanashawishiwa. Alikuwa na masharti yake ya bondeni na hakuyaeleza. Chungu chenye masizi hakichoti maji ya chemchemi. Na moto hauvuki bonde. Zamani, kabla viberiti havijazagaa, mama akizimikiwa jikoni alikwenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Jirani akiwa ng'ambo ya bonde, kaa lile lilizungushwa kwa juu, kwenye mawe, hata kama safari ni ndefu na kaa linataka kuzimika. Hakuna aliyekatisha nalo bondeni.

Nikamuuliza, "Kwa nini, mzee?"

Akanipiga kwa mpini, kidogo tu, penye nyama. "Kwa sababu mama yangu alizunguka!"

Basi hiyo ndiyo elimu niliyopewa. Nikaiweka pembeni kama mnavyoziweka zenu.

Miaka mingi nilifungua mitaro. Mtu anataka bustani ya kiangazi, bonde limejaa maji, ananiita. Nachimba, maji yanakimbia, ardhi nyeusi inabaki imelala hapo kama keki, anapanda vitunguu na kabichi, watu wanakuja kupiga picha. Nilikuwa na jina. Halafu sheria ikaja na mkanda wa kupimia.

Aliyekuja nayo alikuwa afisa mazingira, dada mmoja mwembamba mwenye buti za mpira. Akatuita mkutano wa kijiji. Akasema sheria ya nchi inakataza shughuli za watu ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Hakuna kulima, kujenga, kuchimba wala kuchoma moto. Alikuwa anasema "ardhioevu". Sisi tulikuwa tunasema bonde, tukadhani anazungumzia mahali pengine.

Festo Kapele akanyoosha mkono. Festo ni rika langu, tumepata kipaimara siku moja, ni mwalimu wa kwaya na mkulima wa kabichi asiye na mpinzani. Bustani yake ilikuwa katikati kabisa ya bonde. Akauliza, "Dada, hizo mita sitini unaanzia wapi? Masika maji yako hapa, kiangazi yako kulee. Au sheria nayo inahama?"

Watu wakapiga makofi. Yule dada akangoja makofi yaishe. Akasema anaanzia pale maji yanapofika masika, na vigingi vya zege vitakaa hapo hata maji yakiondoka, kwa sababu yatarudi na yatataka kukuta mahali pao. Makofi hayakupigwa.

Kisha akasema neno ambalo ndilo linalonifanya niandike. Alichukua bonge la udongo mweusi, akalivunja, akatuonyesha nyuzinyuzi ndani. "Hili si dongo. Ni majani ya zamani ambayo hayakumaliza kuoza kwa sababu maji yaliyafunika. Mkiyaondoa maji, hiki ni kama kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Kitawaka. Na kitawakia chini, hamtakiona."

Mkutano mzima ukacheka. Mzee mmoja akasema, "Udongo ukiwaka nitafutieni sufuria, nitachemshia maharage humohumo." Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine, na waliokuwepo wakitaka kusema kweli watasema hivyo.

Basi kijiji kikapitisha sheria ndogo, na faini zake. Ikaundwa jumuiya ya watumia maji. Wakatafuta mtu anayeijua mitaro yote ili aizibe. Nani mwingine? Mwenyekiti akasema, "Fabi, wewe ndiye uliyelikausha bonde, sasa lilowanishe." Nikamwambia fundi wa kufungua kufuli na wa kulifunga ni yuleyule, kinachobadilika ni aliyemwita.

Namna ya kuziba, sikilizeni. Usijenge ukuta mmoja mkubwa mdomoni mwa mtaro. Nimeona mkandarasi amefanya hivyo kwa viroba vya mchanga, mvua ya kwanza maji yakapita ubavuni na kula ukingo wote, na viroba jua likavila. Anza juu, kule maji yanakotokea, ushuke na vizuizi vidogovidogo vingi, kila kimoja kinampunguzia kazi mwenzake. Chimba uingie ndani ya mbavu za mtaro kwanza, usiegeshe kizuizi kama mlevi kwenye ukuta. Tumia udongo uleule mweusi ukiwa umelowa, ushindilie kwa miguu, juu yake weka mabamba ya majani yaliyokatwa na udongo wake, yakiwa yametazama mbinguni ili yaendelee kuota. Acha pembeni mahali pa maji kumwagikia, upande matete hapo. Na mikaratusi yote karibu na chemchemi ing'oke. Mti ule unakunywa kama mgeni wa harusi.

Ng'ombe nao usiwafukuze tu. Ukimfukuza ng'ombe mchana, atarudi usiku na mwenyewe. Hapo ndipo nilipofahamiana na Masanja, Msukuma mwenye kundi kubwa aliyehamia na familia yake kutoka kaskazini. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama kwenye kigingi na koleo langu.

"Wewe Mfipa, unalinda matope?"

"Nalinda matope unayonywesha ng'ombe zako, wewe usiye na shukrani."

"Zikifa kwa kiu utanipa zako?"

"Mimi nina mashine. Utazinywesha pumba?"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tukakaa chini, tukachora mavumbini. Tukatoa bomba kutoka chemchemi mpaka nje ya vigingi, tukajenga birika la kunyweshea, tukakubaliana njia ya ng'ombe iwe kule kwenye mawe. Masanja mwenyewe ndiye aliyewatoza faini Wasukuma wenzake waliokatisha. Huyo ni rafiki yangu. Kumbukeni sura yake, mtu mrefu mwenye shuka la mistari na fimbo nyeusi, maana sasa tunaingia kwenye lile nisilopenda kulisema.

Tulifunga mitaro yote isipokuwa mmoja, wa Festo. Ulikuwa mrefu na wa kina, umepita katikati ya bonde. Sikuuchimba mimi. Ningeuchimba mimi usingekuwa na kona. Mkutano ulimhurumia Festo, akapewa muda avune kiangazi kile, halafu atoke na mtaro uzibwe. Wote tulikubali, hata yule dada wa mazingira alikubali shingo upande.

Sasa Festo alitaka kuaga bonde kwa mavuno ambayo hayajaonekana. Ninyi mmezaliwa juzi, lakini ntumba mnazijua, bibi zenu bado wanazitengeneza. Unakata majani, unayakusanya, unayafunika kwa udongo liwe tuta la mviringo, yanaozea ndani, msimu ujao unalitawanya na mahindi au ulezi unafurahi. Ni akili ya mababu zetu na inataka subira. Festo hakuwa na msimu wa kusubiri. Akatengeneza ntumba zake bondeni, na badala ya kuacha zioze, akatoboa kila moja tundu ubavuni akaingiza moto, kama mchoma mkaa. Alitaka majivu ya haraka.

Kwenye mashamba ya juu ungefanya hivyo, tuta linafuka, linakuwa majivu, basi. Udongo wa juu ni udongo. Na moto wenyewe aliutoa nyumbani kwake, makaa ndani ya chungu cheusi kwa masizi, akashuka nacho mpaka katikati ya bonde huku anaimba besi.

Mzee Teresifori alikuwa ameshazikwa. Nilisimama ng'ambo nikaona chungu kile kinapita. Nikapaza sauti, "Festo! Moto hauvuki bonde!"

Akajibu, "Na wewe na bibi yako, mmeshavuka darasa la nne?"

Ntumba zikafuka, zikazima. Tuliona kwa macho kwamba zimezima. Festo akatawanya majivu, akapanda kabichi, zikatoka kama ngoma.

Baridi ikaingia. Mnaijua baridi yetu ya kiangazi, ile ambayo upepo unakata masikio na asubuhi majani yana chembe nyeupe. Mwaka ule bustani ya Festo haikupata baridi. Watu wakaanza kusema amebarikiwa. Mbwa wakawa wanalala huko. Na watoto wa shule, wanaokatisha kando ya mtaro ule asubuhi, wakagundua mahali penye joto. Wakawa wanasimama pale pekupeku, ndala mkononi, wanapasha nyayo moto kabla kengele haijalia. Mtoto wa mwisho wa Festo, Leokadia, ndiye aliyekuwa anawaongoza wenzake. Bibi mmoja akaniambia, "Fabi, mizimu ya chemchemi inapika." Alisema kwa furaha. Mimi nilipoisikia ile kauli nikalikumbuka lile bonge la udongo la yule dada.

Asubuhi hiyo nikachukua nondo. Wakati ule nilikuwa naitumia kupima kina cha matope tu. Nilishuka bondeni nikaona mambo ambayo naomba myashike. Majani yalikuwa mabichi lakini yamelala chali, ukilivuta jani linakuja lote, mizizi imekatika na ncha zake ni nyeusi. Mkaratusi mmoja uliobaki ulikuwa umeinama bila upepo. Kabichi za katikati zilikuwa zimenyauka na udongo wake umemwagiliwa jana. Na harufu, kama blanketi la zamani lililoungua pembeni. Moshi hakuna. Ukitazama kwa jicho la pembeni, hewa inatetemeka.

Nikadunga nondo. Haikukataa kushuka. Ilizama yote mpaka kwenye kitambaa, kama nimeidunga kwenye debe tupu. Nilipoivuta, sikuhitaji kuisogeza shavuni.

Nimesimama pale, mimi Fabiani, siwezi kuinua mguu. Mbele yangu, umbali kama wa kutoka mlango wa kanisa mpaka getini, watoto wamejipanga wanacheka wanapasha nyayo. Nikipiga kelele watakimbia. Wakikimbia watarukaruka. Wakirukaruka...

Nikarudi kwa nyayo zangu zilezile, kisha nikaanza kuwasogelea, nazunguka kwa nje, natabasamu kama mtu anayepita zake. Kabla sijafika, kengele ya shule ikalia. Wakageuka wote, mmojammoja kwenye kijia chao, Leokadia akampungia baba yake aliyekuwa bandani, wakaondoka. Kengele ile ni kipande tu cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti. Hakuna muziki nilioupenda zaidi maishani.

Nikamfuata Festo bandani kwake pembeni ya bonde, penye udongo mgumu.

"Festo, funga mtaro leo. Chini kunawaka."

"Wivu umekuanza, Fabi."

"Weka mkono pale."

"Jua limepasha."

"Jua gani? Tazama pale kwenye vigingi, majani ni meupe kwa baridi. Kwako hakuna hata umande. Nani amepasha, Festo?"

Akatazama kabichi zake. "Niachie nivune tu. Nikifunga sasa maji yatazilaza zote."

Tulikuwa tunabishana hivyo ndipo ndama wa Masanja walipokuja. Hawakuletwa. Walichomoka wenyewe kundini, kwa baridi ile, wanafuata joto kama mbwa walivyolifuata. Mmoja mweupe akatangulia mpaka palepale walipokuwa wamesimama watoto. Akasimama. Akainamisha kichwa kunusa.

Halafu hakuwepo.

Hapakuwa na kishindo. Ardhi ilifunguka kama mdomo wa mtu anayepiga miayo, ndama akaingia, akalia mara moja tu, sauti ambayo sitaki kuieleza. Yakatoka majivu meupe na moshi wa njano.

Masanja alikuwa anakuja mbio nyuma yao. "Ndama wangu! Ndama wangu!"

"Masanja, simama! Simama hapo hapo!"

Alisimama, lakini alikuwa ameshaingia mbali. Mguu mmoja ukazama mpaka kwenye kifundo, akauchomoa, akatazama chini. Ardhi yote iliyomzunguka ilikuwa inapumua. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ilipanda na kushuka.

"Lala chini!"

"Nilale? Mtu mzima?"

"Lala kifudifudi kama mtoto, tawanya mikono! Uzito wako ugawe!"

Akalala na shuka lake. Mimi nikang'oa mlango wa banda la Festo, ule wa mbao nyembamba. Festo akasema, "Mlango wangu huo!" Kinywa chake kilisema hivyo, mikono yake ilikuwa tayari inanisaidia kuutoa kwenye bawaba. Tukaufunga kamba ya ng'ombe, Festo akashika upande wa nchi kavu, mimi nikalala juu ya mlango nikausukuma mbele kwa vidole, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwepesi, na, tusifichane, ndiye niliyekuwa na moyo.

Chini ya ubao nasikia. Sauti kama mtu anatafuna karanga mbichi, mbali, ndani. Joto linapanda kwenye tumbo.

"Fabi," Masanja akaniita, taratibu, kama tuko sebuleni, "chini kuna nini?"

"Moto."

"Moto gani hauonekani?"

"Nyamaza. Shika mlango. Usipige magoti."

Akaushika. Kurudi kulikuwa kugumu zaidi, tupo wawili na ubao umeanza kulia. Nikamwambia atangulize fimbo yake, agonge kila mahali kabla hatujaelekea. Pakijibu kwa uzito, tupite. Pakijibu kama ngoma, tuache. Akawa anagonga, nasikiliza, Festo anavuta pale ninaposema. Gonga, tulia, vuta. Mara moja paligongwa palipojibu kama ngoma pande zote tatu, na Masanja akaanza kunong'ona kwa Kisukuma, nadhani anawaaga wanawe. Nikamwambia agonge tena, karibu na mtaro. Pale palikuwa na unyevu kidogo. Pakajibu kwa uzito. Tukapita hapo.

Karibu na ukingo kabisa mlango ulipasuka, mguu wangu wa kushoto ukatoka nje na kuzama mpaka gotini. Ni muda mfupi kuliko kusema jina lako. Mguu huo ndio huu mfupi.

Nililazwa kwenye nyasi, siwezi kusimama, nikatoa amri nikiwa chali. Kijiji kizima kilishuka na makoleo. Festo alikwenda kutazama lile shimo kutoka mbali, pale udongo ulipokuwa umeendelea kumeguka. Chini yake palikuwa pekundu. Alirudi uso umebadilika, akasema neno moja tu, "Leokadia." Kisha akachukua koleo, akakata bamba la kwanza, akalitupa ndani ya mtaro wake mwenyewe.

Waliziba kuanzia juu, vizuizi vingi, kama nilivyowafundisheni. Nilikuwa nawapigia kelele kila walipoharakisha. Maji yalipoanza kupanda ardhini, bonde likaanza kulia. Lilifukuta, likapiga miluzi, mvuke ukatoka kwenye mashimo ya fuko, kabichi zikaelea. Wanawake walianza kusali rozari kwenye mawe. Hakuna aliyesogea. Yule dada wa mazingira alikuja jioni, akasimama karibu na machela niliyokuwa nimehamishiwa, hakusema "niliwaambia". Aliniuliza tu kama nimekunywa maji.

Mtadhani hapo ulizimika. Haukuzimika. Moto ule ulirudi nyuma, ukajificha chini ya miinuko ambako maji hayakufika, ukangoja. Tuliweka miiba njia zote, watoto wakazungushwa kwa mawe, njia ya makaa ya bibi zetu. Kila asubuhi mtu alinibeba kwa baiskeli mpaka kwenye kigingi, nikawa nadunga nondo. Ilipokuwa baridi hapa, ilikuwa ya moto pale. Niliota watoto wamejipanga. Ni mvua za masika zilizoumaliza, na hata baada ya hapo, kiangazi kilichofuata, nilidunga kila mahali palipodungika. Nimeidunga na mwaka huu. Imetoka na matope. Sijui kama nimefika kila mahali. Hakuna mtu anayeweza kufika kila mahali, hilo ndilo linaloniamsha.

Sasa mmeanza maneno. Nimeyasikia, mashine yangu iko njiani kwa kila mtu. Eti maji yamejaa bondeni bure, kiangazi vitunguu vinatafutwa mpaka Namanyere, tufungue mtaro mmoja tu, mwembamba, wa kati. Eti mita sitini ni nyingi, mita thelathini zinatosha. Eti Mzee Fabi aliungua mguu akaungua na akili.

Festo mwenyewe muulizeni. Siku hizi analima huku juu, ntumba za kuoza, anasubiri msimu wake kama bibi. Leokadia yuko kidato cha pili. Njia yake ya shule bado ni ile ya mawe, na hakuna anayemlazimisha.

Na kama Festo hamumwamini, mtafuteni Masanja. Wiki iliyopita nilikuwa Sumbawanga, stendi, nimefuata kipuri cha mashine. Nikamwona anatoka kwenye basi na shuka lake. Alisimama ngazi ya mwisho. Akashusha ile fimbo nyeusi, akagonga lami, akasikiliza. Akagonga tena mbele kidogo, ndipo akashuka. Akaenda hivyo stendi nzima, gonga, tulia, hatua, katikati ya mabasi na bodaboda. Vijana wa rika lenu wakaanza kumcheka. Mmoja akasema, "Mzee, hiyo ni lami, mshikaji!"

Mimi ni mtu maarufu mjini pale, watu wengi wananifahamu, na sipendi kuonekana mshamba. Nilivuka kwenda kumsalimia. Nilivuka nyuma yake, nikikanyaga palepale alipokanyaga yeye.